Sinema ya Ghala la Tangawizi

Hakuna filamu inayoweza kunishangaza mimi. Nalisema mapema ili tuelewane. Nimetazama za Kikorea, za Kinaijeria, za hapa kwetu, na zile za Wazungu ambazo gari linabingirika mara saba na stelingi anatoka nywele zimechanwa. Mimi nauza saruji, nondo na bati hapa Same mjini, maduka mawili na nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne, vyote nimevipata kwa mikono hii. Kwa hiyo jumba likilipuka kwenye runinga, mimi natazama kwanza ukuta. Juzi nimeona ngome ya jambazi ikianguka yote na haikuonekana nondo hata moja. Nikawaambia niliokaa nao, huyu hajauawa na bomu, kauawa na fundi. Nyingine ilikuwa ya hapa nyumbani, ina tajiri aliyekaa sebuleni na suti tangu mwanzo hadi mwisho. Hapigiwi simu ya mzigo, hagombani na dereva, jasho halimtoki. Tajiri gani huyo? Ile ya Kikorea niliipenda, ila wanakula mno, nami nilikuwa sijala.

Basi Jumamosi moja umeme ukakatika, nikawasha jenereta nyuma ya nyumba. Harufu ya petroli ikaingia dirishani, na hapohapo binti yangu Nakunda, ambaye yuko kidato cha tatu, akaweka filamu ya zamani ya Kihindi. Kabla sijaona picha nikasikia wimbo. Mwili ukanisisimka. Petroli ile na wimbo ule vilinikuta pamoja mara moja tu maishani, ndani ya ghala la tangawizi kule Myamba, nikiwa darasa la tano.

Myamba ninayoisema ni ya ukungu mpaka saa nne asubuhi. Umeme tuliusikia tu kwa watu waliotoka mabondeni. Kisha akarudi Kaka Elisante, mtu wa palepale kijijini. Alikuwa ameondoka kijana kwenda mashamba ya mkonge, akarudi na kitambi kidogo, runinga, deki, na jenereta iliyopandishwa mlimani na wanaume wanne wakipokezana. Kila siku ya gulio alikuwa akikodi ghala la tangawizi, anaziba madirisha kwa magunia, na mchana kweupe ndani kunakuwa giza. Kiingilio yai moja. Asiye na yai alitoa tangawizi ya kujaza viganja viwili. Tulikaa juu ya magunia, macho yanawasha kwa vumbi la tangawizi, mayai yamepangwa kwenye beseni mlangoni na hakuna aliyethubutu kusukumana.

Kaka Elisante ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alisimama kando ya runinga na fimbo, akimgusa kila anayesema. Alituambia Kihindi alijifunza kwa tajiri mmoja aliyemfanyia kazi, nasi tukaamini, kwa nini tusiamini? Alitafsiri kwa Kiswahili, na pakiwa na matusi alihamia Kichasu, lugha yetu ya nyumbani, ghala zima likacheka, akina mama wakajifunika kanga usoni.

Siku ile mama yangu alikuja nami. Alikuwa mwanakwaya, na alitaka kuona kwa macho yake kama video ni dhambi. Tena alikuwa na sababu ya kunishika mkono. Nilikuwa nimekosa shule wiki tano nikibeba tangawizi za watu, na alikuwa ametoka kumwangukia mwalimu mkuu ili nipokelewe Jumatatu. Sare alishaifua. Mimi shule sikuichukia hasa, ila nilikuwa nimeonja hela yangu mwenyewe mfukoni, na hiyo ni ladha mbaya kwa mtoto.

Katika sinema ile kulikuwa na mtoto wa rika langu anasukuma mkokoteni wa matofali. Anapita kwenye ukuta wa shule, anasimama, wenzake wanaimba ndani. Jioni anampigia mama yake magoti, anasema maneno mengi huku machozi yanamtoka. Kaka Elisante akamgusa kwa fimbo. Naikumbuka sauti yake ilivyoshuka, maana siku zote alipiga kelele kushinda jenereta.

"Anasema: Mama, usinililie. Shule yangu ni hii mikono. Wale wa ndani ya ukuta watakuja kuniomba kazi mimi."

Jamani, ghala lilipiga makofi. Mimi nilisimama juu ya gunia. Nilihisi nimetajwa jina.

Jumatatu asubuhi sare niliitundika kwenye ua, nikapanda lori la tangawizi. Nilimwacha mama amesimama mlangoni na uji wangu mkononi. Nilianza kwa kushusha mizigo Same, nikahamia kuuza misumari kwa kupima kwenye kopo, mengine mnayaona wenyewe mkipita barabara kuu. Na maneno yale nimeyasema miaka yote. Nimewaambia vibarua, nimewaambia wanangu, nimeyasema harusini nikiwa nimeshika kipaza sauti. Shule yangu ni hii mikono. Watu hupiga makofi.

Sasa rudini sebuleni kwangu. Mtoto wa mkokoteni huyo, kapiga magoti. Chini kuna maandishi ya Kiswahili, nami huwa namwambia Nakunda anisomee kwa sababu macho yangu yamechoka. Ukweli, maandishi yanakimbia kabla sijayamaliza.

"Anasema, Mama, uza hata sufuria, nirudishe shule," akasoma Nakunda.

"Soma vizuri wewe!"

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Nikamwambia aisimamishe. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole kikitembea. U-za ha-ta su-fu-ri-a. Nakunda akanisubiri nimalize. Nadhani siku ile ndipo alipojua hali ya macho yangu.

Jumapili nilipanda Myamba. Nilimkuta mama uani akichambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umepungua."

Sijapungua, ila ndivyo anavyosalimia. Nikakaa, nikamuuliza kama anaikumbuka sinema ya Elisante, ya mtoto wa matofali.

"Yule aliyekuwa analilia shule?"

Nikabaki nimeshika haragwe. "Nani alikwambia analilia shule? Si Kaka Elisante alisema..."

"Elisante alikuwa anasema. Mimi nilikuwa natazama." Akapuliza maganda. "Mtoto anayekwenda kutajirika analia vile?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikwambia jioni ile, nikakwambia Jumapili yote. Ukanijibu, mama wewe sinema huijui."

Nilimuuliza kuhusu Elisante, maana alishafariki zamani. Mama akaniambia jambo ambalo sikulijua: mtu yule hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alichunga mbuzi za mjomba wake jirani na shule, na wenzake walimtania kwa kumwimbia herufi dirishani. Ndipo nikaielewa sauti iliyoshuka. Hakuelewa hata neno moja la Kihindi. Alipomwona mtoto amesimama nje ya ukuta alijiona yeye, akampa maneno ambayo angetamani kuwajibu waliomwimbia. Hakuwa anatudanganya. Alikuwa anajitetea, na ghala zima lilimpigia makofi, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Simlaumu. Maneno yake yamenijengea maduka mawili, na sitaki mtu aniambie mikono si kitu. Lakini mtoto niliyekuwa pale juu ya gunia alidhani anaitazama sinema, kumbe alikuwa anamsikiliza mtu mwenye kidonda. Nami kidonda hicho nikakibeba mlima mzima kushuka, nikakihubiri kwa watoto wa wenzangu. Wangapi walitundika sare kwa ajili yangu, sijui. Hilo huniamsha usiku.

Mama alimaliza kuchambua. Alinipa kilo mbili za maharage, akasema, "Wewe bado una macho."

Jumatatu nikaenda kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu. Mwalimu ni kijana, hununua rangi kwangu, akadhani nimekuja kumpimia bati. Nikamwambia niandike jina, naanza nilipoachia. Kujiandikisha elfu sitini, vitabu vitatu elfu thelathini na sita, madaftari na kalamu elfu tisa na mia tano, na miwani ya kusomea, maana kumbe macho nayo yalikuwa yamechoka kweli, elfu arobaini na tano. Mimi ninayebishana na wenye viwanda sikuomba punguzo. Nilihesabu mezani shilingi laki moja, hamsini elfu na mia tano.