Siku Niliyolala Kwenye Nduma za Wakwe

Naona haya hata kabla sijaanza, kwa hivyo mkiona nimenyamaza katikati mnivumilie. Mimi ni mtu mzima, nauza mbegu za viazi kwenye ghala hapa Kibirichia, watu wananiheshimu, na mtu mzima akikutwa amelala kifudifudi na suti kwenye shamba la wakwe zake, siku ya kupeleka mahari, simu yake imeelekezwa mahali mwanamke anavalia nguo, hapo hakuna maneno mazuri ya kujieleza. Lakini naona kila mtu ameshaisikia kwa mdomo wa mwingine, na kila mdomo umeongeza chumvi, afadhali niwape mwenyewe ile isiyo na chumvi (yenyewe ina chumvi ya kutosha).

Mambo yalianza na wadudu. Nilikuwa nimenunua kalenzi kadogo ka kubana kwa simu, kale ka kufanya kitu kidogo kionekane kikubwa, na siku ya kwanza nikakaweka juu ya ua la kiazi, kumbe ndani mle kuna dunia nzima, kuna vumbi la njano limekaa kama unga umemwagika, kuna kijidudu kinatembea na shughuli zake kana kwamba kimechelewa kazini. Nikashikwa. Wanja, mchumba wangu, msichana wa Kianjokoma anayefanya kazi kwenye duka la dawa pale Meru mjini, alikuwa ananiambia mambo ya arusi na mimi nimeinama naangalia chungu amebeba nini.

Wanja ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi cha mtandaoni cha watu wanaopiga picha za namna hiyo, nafikiri alitaka nipate mwingine wa kumwonyesha. Mle ndani kulikuwa na Mwalimu Kageni, mama mstaafu wa Githongo aliyefundisha bayolojia miaka mingi, na yeye ndiye anayesahihisha picha za wageni kama sisi. Nikatuma nyuki wangu wa kwanza kwa majivuno. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, maana yeye haandiki, anasema vidole vyake vilichoka na chaki.

“Ua la kiazi nimeliona,” akasema. “Sasa nitumie nyuki.”

Niliumia kidogo, sitawadanganya. Lakini nikarudi shambani nikaangalia ile picha vizuri, na ni kweli, nyuki alikuwa kadoa tu pembeni. Basi nikaanza kumfuata Mwalimu neno kwa neno. Aliniambia nisipige mdudu kutoka juu, nishuke mpaka macho yangu yalingane na yake, nikashuka. Aliniambia niamke mapema wadudu wakiwa bado na baridi, hawawezi kukimbia, nikaamka. Aliniambia nishike pumzi nikibonyeza, nikashika mpaka nikaona nyota. Aliniambia niangalie nyuma ya mdudu kuna nini, kwa sababu mdudu mzuri mbele ya takataka ni takataka, na nitafute rangi moja tulivu. Kila wiki picha zilikuwa bora kuliko za wiki iliyopita, na mimi mwenyewe nilikuwa naona, na hiyo furaha ya kuona kitu ambacho mwezi jana hukukiona, hiyo ndiyo ilinimaliza.

Shida ilibaki moja. Macho. Nilikuwa napata mabawa, napata mgongo, napata miguu yenye manyoya hadi unaweza kuyachana, lakini macho yanatoka na ukungu. Wiki ya mahari ndiyo wiki ambayo Mwalimu alitupa kazi ya macho, na mimi nilikuwa nimemtumia panzi kadhaa, wote miguu.

Basi siku yenyewe tukaondoka Meru giza halijaisha, wazee wetu wameketi nyuma wamevaa makoti, Baba Mdogo Kirimi akiwa ndiye msemaji wetu kwa sababu baba yangu hasikii vizuri. Tukafika Kianjokoma mapema kuliko ilivyotakiwa. Umande bado umejaa kwenye majani chai, ukungu unashuka kutoka mlimani, na kina mama wa pale wakatuambia kwa heshima kwamba tungoje kidogo langoni, hawajamaliza kuvaa. Nikaomba nielekezwe choo.

Kurudi ndipo nilipomwona. Njia inapita kando ya shamba dogo la nduma, yale majani makubwa kama masikio ya ndovu, na juu ya jani moja, katikati ya matone ya umande, ameketi buibui mdogo, wale wanaoruka, wasiofuma utando. Mdogo kuliko punje ya mahindi. Nikasimama. Akageuka akaniangalia. Sijui kama mmewahi kuangaliwa na buibui, si kwamba ako tu na macho, aligeuza uso mzima kama mtu aliyesikia ameitwa jina.

Ningeenda zangu. Nawaambia ukweli, mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea langoni. Halafu nikasema, moja tu.

Nikashuka usawa wake. Nyuma yake nikaona jembe na kandambili, takataka tupu, kwa hivyo nikazunguka kidogo. Huku nikaona ukuta wa udongo, rangi imekufa. Nikazunguka tena, sasa nimelala kabisa, tai imeingia kwenye tope (suti yenyewe nilikuwa nimeazima kwa ndugu yangu, lakini hayo ni yangu na yeye), na hapo nikapata kitu cha ajabu. Mbele yangu kulikuwa na kibanda cha mbao chenye mianya, na kwenye mianya ile kulikuwa na rangi ya pinki, laini, imetulia, imejaa nyuma ya buibui kama mapambazuko. Sikujiuliza hiyo pinki ni nini. Nilijiuliza tu kama itabaki pale.

Buibui akaanza kunawa uso. Ana vijikono viwili vifupi mbele ya mdomo, anavipitisha juu ya yale macho mawili makubwa kama mtu amesimama kwenye karai asubuhi. Nikasahau niko wapi. Nikamnong'oneza, kama ninavyomnong'onezea kila mdudu, hii ni tabia mbaya nimejizoesha:

“Usisonge, mrembo. Hapo hapo. Geuka kidogo nikuone.”

Ile pinki ikasimama.

“Wewe uliye nje,” sauti ya mwanamke ikasema, sauti ya mtu mkubwa, haina haraka. “Unaongea na nani?”

Sasa hapa ndipo mnaponicheka, na mna haki. Ningejibu. Lakini nilikuwa nimeshashika pumzi, kidole kiko juu ya kitufe, buibui ameinua uso, na nikitoa sauti ataruka. Kwa hivyo nilinyamaza. Mtu asiye na hatia angejibu, mimi nilinyamaza nikabonyeza.

Nilipoinua macho nikaona viatu vya plastiki, halafu leso, halafu uso wa Shangazi Marigu, dada mkubwa wa baba yake Wanja, mwanamke ambaye nilikuwa nimeonywa kwamba akikataa jambo katika boma lile limekataliwa. Nyuma yake mlango wa kibanda uko wazi, na kila mtu angeona kwamba ndimo kina mama walikuwa wakivalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja la maana. Nikasema:

“Shangazi, tafadhali usikanyage hapo.”

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliniambia niamke, akatangulia, nikamfuata na tope langu mpaka kwenye hema, ambako wazee wetu walikuwa wameshakaribishwa ndani, na Mzee Nyaga, baba yake Wanja, ameshika kipaza sauti anataka kuanza maombi. Shangazi akamwambia kwa Kiembu, polepole, na kwa jinsi wazee wa upande wao walivyokuwa wanageuza shingo mmoja baada ya mwingine sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Baba Mdogo Kirimi akavua kofia akaiweka magotini.

“Nipe simu,” Mzee Nyaga akasema.

Nikampa ikiwa imefunguliwa, nataka aone picha haraka tuyamalize. Wakati huo huo ujumbe ukaingia. Mzee akagusa kioo, maana ni nani asiyegusa kitu kikiwaka, na mkono wa pili bado ameshika kipaza sauti, na sauti ya Mwalimu Kageni ikatoka kwenye spika zote za hema ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde:

“Habari ya asubuhi. Nimeona ulizotuma jana. Miguu, miguu, miguu nimeshiba. Mimi nataka macho. Usimwendee kwa juu kama askari, lala chini, mkaribie polepole kabla jua halijamchangamsha. Akikuona usiongee, shika pumzi. Na usipige mara moja ukatosheka, piga nyingi.”

Kuku akapita.

Baba yangu, asiyesikia vizuri, hiyo aliisikia yote. Akaniuliza kwa Kimeru, “Huyo mama ni nani?”

Nilikuwa naona wazee wetu wakianza kutafuta fimbo zao. Nilikuwa naona ile safari ya kurudi Meru, na Wanja akibaki. Hiyo sikuicheka wakati huo na bado siicheki.

Wakati huo Wanja akatoka ndani ya nyumba. Hakufaa kutoka, bibi arusi siku ile hufichwa, atatolewa baadaye akiwa amefunikwa leso pamoja na wasichana wengine, na mimi nimchague. Lakini alitoka na leso yake ya kijani kichwani, akasimama mbele ya wazee.

“Baba,” akasema, “huyo ni Mwalimu Kageni, wa wadudu. Angalia picha zake. Ukipata picha ya mtu hapo ndani, mimi mwenyewe nitamrudisha kwao.”

(Nilianza kukumbuka haraka haraka kama kuna picha ya mtu. Hakukuwa. Hata yake haikuwamo, na hilo tuliliongea baadaye.)

Mzee Nyaga akavaa miwani. Akapitisha kidole. Nyuki. Panzi. Mguu wa panzi. Mguu mwingine. Halafu akafika kwenye ya mwisho, kidole kikasimama. Akaisogeza mbali na uso, akairudisha karibu.

“Hii kitu iko kwa nduma yangu?”

“Iko, Mzee.”

“Na iko na macho ngapi?”

“Manane. Hayo mawili ya mbele ndiyo makubwa.”

“Na inakula nduma?”

“Hapana, anawinda vidudu vingine. Anaruka anakamata.”

Akampa simu mzee aliyekaa karibu naye, na yule akampa Baba Mdogo Kirimi, ambaye alisema hajawahi kujua kitu kidogo hivyo kina kope, nikamwambia ni manyoya, akasema yeye anaona kope. Wazee wakaanza kubishana kama buibui anawaona watu au anaona vivuli tu, pande mbili zimeshachanganyika, wengine wamesimama. Nami nilikuwa naiona picha yangu vizuri kwa mara ya kwanza, kutoka begani kwa mtu, na macho yalikuwa makali. Hakukuwa na ukungu. Ndani ya lile jicho kubwa unaona anga na ukingo wa paa. Hata katika ile aibu nilifurahi, siwezi kuficha.

Mwisho simu ikafika kwa Shangazi Marigu. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko wote.

“Na hii pinki iko hapa nyuma?”

“Hiyo ni mandhari ya nyuma, Shangazi.”

“Mandhari ya nyuma,” akasema. “Hiyo ni mimi.”

Hakikuonekana chochote, naapa, ni rangi tu kama wingu. Lakini alikuwa na haki. Akanirudishia simu.

“Futa.”

Nikafuta mbele yao wote, picha bora niliyowahi kupiga.

Mambo yakaendelea. Tulitozwa mbuzi wa faini, Baba Mdogo akakubali kabla hawajamaliza kusema. Ilipofika saa ya kuchagua bibi arusi, wakatoa wanawake wamefunikwa kuanzia kichwani mpaka chini, na mimi, nikijua Wanja alikuwa na leso ya kijani, nikaenda moja kwa moja kwenye ya kijani nikaifunua. Kumbe kwa sababu alijionyesha, walimrudisha ndani wakabadilisha leso zote.

“Umenipata tena,” akasema Shangazi Marigu.

Hema likaanguka kwa kicheko, na yeye pia akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitaoa.

Jioni nilimpigia Mwalimu Kageni nikamweleza yote, macho, umande, anga ndani ya jicho, na jinsi ilivyofutwa.

“Ambayo haipo siwezi kuisahihisha,” akasema. “Ulipiga ngapi?”

“Moja.”

“Si nilikuambia upige nyingi.”

Siku hizi tukienda Kianjokoma, Shangazi ndiye ananiita niende nione kitu kiko chini ya jani, anataka kujua kinaitwaje na kinalala wapi, ila lazima nitembee mbele yake anione. Na mimi nimejiwekea sheria ambayo sitaivunja maisha yangu yote: silali chini mahali popote bila kupiga hodi kwanza. Hata porini, hata mlimani ambako hakuna nyumba, nasimama, nasema hodi, nangoja. Wiki iliyopita wachungaji wa kondoo huku juu walinikuta nabishia kichaka hodi, wakatazamana, wakapita mbali. Wacha wapite. Aibu ya namna hiyo naiweza.