Maganda ya Nzige Mfongoni

Nakumbuka siku nzige walipoondoka Masama, na leo naikumbuka kwa hasira, mwanangu, maana jana ulinirudishia siku ile.

Walikula migomba mpaka ikabaki vigogo. Tuliwapiga kwa matawi, tukajaza magunia. Bibi yangu akaagiza wafukiwe kihambani, shamba letu la migomba nyumbani, pamoja na samadi. Kaka Aloisi akaona kazi ndefu, akawamwaga mfongoni, mfereji wetu wa maji ya mlimani.

“Maji yatawaozesha,” akasema.

Nyama ilioza kweli, tukaziba pua. Maganda, thubutu! Maji hayayayeyushi. Yalijikusanya penye lango la mfereji, yakaliziba. Nayo zamu ya maji ilikuwa ya mjane Ndeshi, jirani wa chini, ambaye miche yake ya kahawa ilikuwa imelegea kwa jua. Alipanda kwetu na jembe begani.

“Aloisi! Maji yangu umewanywesha nzige?”

“Shangazi, ni takataka tu...”

Bibi alimchapa fimbo ya mgongo. “Takataka ndiyo nini? Kihambani hakuna neno hilo! Kuna kinacholiwa na udongo, na kuna mjinga asiyeuliza.”

Tulizibua kwa mikono mpaka jioni. Nusu ya miche ya Ndeshi ilikauka. Maganda tuliyafukia chini ya migomba, na masika yalipopita nikafukua: hayakuwapo. Udongo ulikuwa umeyala taratibu, kama kibogoyo anavyokula mua.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ni wewe, uliyekuja jana kutoka Moshi. Ukanionyesha utando laini kama nailoni, ukasema chuoni mmechemsha maganda ya kamba wa baharini, kwanza kwa tindikali kutoa chokaa, kisha kwa magadi makali, mkayayeyusha katika siki na kuyaanika. Ukasema maganda ya nzige yana kitu hichohicho, na kwamba utando huo ukifukiwa, udongo utaula. Nikafurahi! Kumbe uliuleta ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ukautupa wapi? Mfongoni! Kichwa chako kimesoma, mkono wako bado.

Mwanangu, kabla hujatupa kitu, jiulize nani atakila. Ukikosa jibu, kibaki mkononi mwako.

Leo zamu ya maji ni ya mjukuu wa Ndeshi. Kunja suruali, ingia mfongoni, ukautoe mfuko wako kabla hajapanda kwetu na jembe. Ukimaliza, njoo ule. Mungu akujalie udongo wenye njaa, na maji yasiyokwama mlangoni kwa jirani yako.