Simu Kwenye Kopo la Majani ya Chai

Leo nimeumbuka, tena na mashine niliyoinunua mwenyewe.

Mnajua kibanda changu cha simu hapa Mkata. Nina kibati chenye vitundu vidogo vidogo, ndicho ninachopitishia risasi laini ya kulehemu nikitaka kubandika chipu. Miaka yote nakisugua kwa mswaki na spiriti, nakiinua kwenye mwanga, najisemea: safi.

Asubuhi nimekilaza kwenye maji ya dawa, nikakigusa na kile kimashine kipya cha kushika mkononi, kinachotetemesha maji mpaka uchafu unajitoa.

Jamani. Maji yakawa rangi ya majivu.

Vitundu vya pembeni vilikuwa vimeziba, sijui tangu lini. Maana yake chipu nilizobandika zilikuwa zinashika nusunusu.

Na kwenye benchi amekaa mzee mmoja mfugaji. Simu yake nimeitengeneza mara tatu, ikazima mara tatu, na kila mara nilimgombeza: "Mzee, unaiangusha huko porini!"

Leo kaileta ndani ya kopo la majani ya chai, imezungushiwa pamba.

Ningenyamaza, asingejua. (Mafundi wenzangu, semeni ukweli, nyie mngemwambia?)

Nikasema, "Mzee, hukuiangusha. Kosa ni langu."

Akaliangalia lile kopo. Nikasubiri anitukane.

Akauliza taratibu, "Kwa hiyo naweza kuanza tena kwenda nayo machungani?"