Waliokwama kwenye Ng'

Kwetu mtu akibisha hodi huitikiwa kwanza, haja yake husikizwa baadaye. Ndivyo nilivyoipanga tovuti ya chuo kimoja cha uuguzi tulichokihudumia, miaka ile maombi ya kujiunga yalipoanza kutumwa kwa mtandao na watu wakawa wanayajazia saiba, yale maduka ya kukodisha intaneti. Kila ombi lililofika kwenye seva yetu liliandikwa zima zima katika faili niliyoiita hodi, kabla mashine haijaligusa. Baada ya hapo ndipo lilipoendelea ndani, kwenye orodha ya waombaji.

Bosi wangu hakuipenda. "Hiyo kitu yako inafanya server iwe slow," aliniambia karibu kila wiki. "Watu wanataka kufunguliwa mlango, wewe uko busy ukiandika hodi zao. Si uitoe?"

Sikuitoa. Niliijua kazi yangu, na kusema kweli niliijua kuliko yeye. Nilimjibu, "Nitaangalia, Boss," kisha nikaendelea na yangu.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi, mama mmoja kutoka Waithaka alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, Mtaa wa Biashara. Chuo ndicho kilichomwelekeza kwetu. Binti yake alikuwa amejaza fomu katika saiba ya Adams Arcade, akabofya kutuma, ukurasa ukageuka mweupe pe. Chuoni walimwambia jina la binti halipo, na orodha ilikuwa inafungwa jioni hiyo hiyo.

"Labda hakutuma, mathe," bosi alisema.

"Alituma. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nyuma yake."

Lile "labda" lilinikera. Nilimvutia mama kiti, nikafungua hodi. Binti alikuwemo: jina, alama za mtihani, wilaya, kila kitu. Alibisha, tukamsikia, kisha akapotelea ndani. Nikatafuta wengine waliobisha wasifike kwenye orodha, nikawapata si haba, nikaanza kuyasoma majina yao kwa sauti. Sikufika mbali kabla ya kucheka. Wote walikuwa na ng' katika majina yao, ile ya ng'ombe. Mashine ya kupanga orodha ilipokutana na ritifaa, kile kialama kinachoning'inia juu, ilidhani jina limeishia hapo. Yaliyofuata iliyaona takataka, ikalitupa ombi zima. Na haya yalitokea Nairobi, ambapo ukirusha jiwe Dagoretti halikosi kumpata mwenye ng' yake!

"Lakini tulitest," bosi alisema. "Nilitest mimi mwenyewe, na jina yangu."

Kadi zake za biashara zilikuwa pale mezani. Jina lake nalo lina ng', ila kwenye kadi alikuwa ameiondolea ritifaa zamani, ati ndiyo lionekane la kizungu kidogo.

"Uliandika hili la kadi, Boss, ama lile mamako alikuitia chakula?"

Alizirudisha kadi kwenye droo.

Mama alikuwa akitusikiliza. "Kwa hivyo aandike bila hiyo alama ndio wamchukue?" aliuliza polepole. "Mimi sikatai. Lakini hiyo ni jina ya baba yake, na ni hiyo tu aliwaachia."

Niligeukia kompyuta. "Asiguse kitu, mama. Ni mashine itafunzwa kusoma."

Niliirekebisha, kisha nikayachukua yale maombi kutoka kwenye hodi na kuyapitisha upya, moja moja, la binti yake likiwa la kwanza. Jua lilikuwa bado halijatua. Nilipofungua orodha na kumwonyesha, mama alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa ya ile ritifaa, akalisema jina zima kwa sauti.

Bosi alilirudia nyuma yetu, na yeye pia akalitamka sawasawa.