Ozelia, mpishi asiyeruhusiwa kuonja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ozelia Guillory anatoa punje tatu za wali kwenye sahani kwa kibano. Mizani inasoma gramu 180.1. Anatoa punje nyingine mbili. Sasa ni 180.0 kamili, na mwenzake aliyesimama kando anaweka sahihi kwenye karatasi kuthibitisha kwamba ameona.

"Hiyo ya saba," anasema Ozelia, akinyoosha mgongo huku ameshika kiuno. "Zimebaki tano. Halafu tunaanza mayai."

Ozelia ana umri wa miaka 61. Kwa miaka 22 amekuwa mpishi wa jiko la vipimo katika kituo kimoja cha utafiti wa lishe, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka nyumbani kwake Opelousas, Louisiana. Wakuu wa kituo wamekubali azungumze na gazeti hili kwa sharti kwamba jina la kituo lisitajwe.

Hakuna harufu ya kitunguu katika jiko hili. Hakuna pilipili, hakuna unga unaokaangwa taratibu kwenye mafuta mpaka uwe na rangi ya kahawia, hakuna mtu anayepiga kelele kwamba sufuria inaungua. Kuna mizani sita, friji nne na kamera moja juu ya meza. Chumvi ya kila mlaji imepimwa kwenye kichupa chake. Na mpishi haruhusiwi kuonja chochote.

"Nikilamba kijiko, nimeiba," anasema. "Mama yangu angefufuka akaniona napika bila kuonja, angerudi kaburini mwenyewe."

Wali anaoupima haukupikwa leo. Ulipikwa jana, ukapozwa, ukalala kwenye friji saa ishirini na nne, na sasa unasubiri kupashwa moto. Kwa lugha ya nyumbani ni kiporo. Wajitolea kumi na wawili, wote wa miaka zaidi ya sitini na wote wakiwa na sukari inayobisha hodi, wanaishi kituoni siku ishirini na nane. Siku kumi na nne wanakula wali uliopikwa siku hiyohiyo, na siku kumi na nne wanakula kiporo, bila kuambiwa ni upi. Baada ya kila mlo wanatolewa damu kila nusu saa.

Wataalamu wanajua tayari kwamba wanga wa wali ukipoa unajikaza, na sehemu yake inashindwa kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba. Inateremka mpaka utumbo mpana, ambako vijidudu vya tumboni vinaila. Wasichojua ni kama tofauti hiyo inatosha kumsaidia mtu mzee ambaye amekula wali maisha yake yote na hana nia ya kuacha.

Ozelia hakusoma zaidi ya sekondari, lakini ukimwuliza, anaeleza vizuri kuliko vijitabu vya hospitali.

"Wali wa moto unaingia kwenye damu kama watoto wanaotoka shule, wote mlango mmoja, wote wanapiga kelele. Kongosho la mtu wa miaka sabini limechoka. Linataka waingie kwa foleni. Sasa tunataka kujua, hiki kiporo kinapanga foleni au hakipangi? Basi. Ndiyo kazi yote hiyo unayoiona."

Mlaji lazima amalize kila kitu. Akimaliza, anakwangua sahani kwa mwiko wa mpira, anamimina maji kidogo, anayazungusha, anayanywa. Kinachoingia mwilini kinapimwa jikoni. Kinachotoka kinakusanywa kwenye madumu na kupimwa maabara, usiku na mchana. Anayeacha tonge moja mara tatu anaondolewa kwenye utafiti.

Ni hapo mambo yalipomharibikia Ozelia.

Miongoni mwa wajitolea hao yumo Wilfret Semien, mzee wa miaka 73 aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari tangu ujana wake. Ni mjane. Alikuja kituoni, kwa maneno yake, kwa sababu nyumbani hakuna wa kugombana naye. Siku nane za kwanza alikula bila neno. Siku ya tisa aliirudisha sahani na wali nusu.

"Nilimwuliza, mzee wangu, una nini, unaumwa?" Ozelia anakumbuka. "Akaniambia, 'Siumwi. Bibie, hata mbwa wangu nampa mchuzi.'"

Sisi tunaoishi huku tunajua alichomaanisha. Wali mkavu kwenye sahani ya mgeni ni tusi. Familia inaweza kukosa nyama wiki nzima, lakini mchuzi wa mafuta ya soseji utakuwepo, na muuza duka yeyote wa zamani atakuongezea kitu juu ya ulichonunua, hata kama ni kipande cha ngozi ya nguruwe. Usipomwongezea mtu, umemfukuza.

Kesho yake mzee aliacha tonge tena. Ilikuwa mara ya pili. Kama angeacha mara ya tatu, kumi na wawili wangekuwa kumi na mmoja, na Ozelia alikuwa amemsikia daktari mkuu wa utafiti akisema kwamba kumi na mmoja hawatoshi. Hesabu zisingesimama. Miaka miwili ya kuomba ruhusa, kutafuta watu na kupika ingekwenda na maji.

Ozelia anatueleza alichofanya bila kujitetea. Siku ya kumi na moja alichota mchuzi kwenye kopo la chakula chake cha mchana, vijiko vitatu, akaufukia chini ya wali wa Mzee Semien, akafunika sahani.

"Nilimwona kwenye kioo cha mlango. Akachota, akasimama kidogo. Hakugeuka hata kuangalia. Alikula mpaka akaimba. Nikajiambia, Ozelia, umeuokoa utafiti."

Akaendelea siku nne.

Sukari ya mzee haikusema kitu. Iliyosema ni chumvi. Mwili wa mtu anayekula kiasi kilekile cha chumvi kila siku huitoa karibu yote kwenye mkojo, na baada ya siku chache kinachoingia na kinachotoka hukaribiana sana. Madumu ya Mzee Semien yalikuwa na chumvi ambayo hakuna aliyempa. Daktari mkuu, Maren Haugstad, mwanamke mrefu kutoka Minnesota asiyependa maneno mengi, alipima mara mbili. Kisha akamwita mzee ofisini kwake, chumba kinachopakana na jiko.

Ozelia alikuwa anaosha sufuria. Mlango ulikuwa wazi.

"Mzee Semien, unakula nini chumbani?" aliuliza daktari.

"Chumbani? Nakula upweke, daktari."

"Nauliza kwa heshima. Mkojo wako una chumvi ambayo haikutoka jikoni."

"Basi nimelamba jasho langu. Nilifanya kazi kwenye mvuke wa kiwanda miaka arobaini na moja, jasho bado lipo jingi."

"Itabidi tukague chumba chako. Na tusipopata maelezo, utaondoka leo, na sababu itaandikwa kwenye faili lako."

"Andika tu, mama. Herufi kubwa, ili na mimi niweze kusoma."

Mzee alijua mchuzi ulitoka wapi. Hakumtaja. Ozelia anasema alisimama na sufuria mkononi, maji yakitiririka, akahesabu alichokuwa nacho: kazi ya dola 17 na senti 40 kwa saa, bima ya afya, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na magoti mawili yasiyoweza kuanza kazi nyingine popote.

"Nilitaka kunyamaza," anasema. "Usiandike kwamba nilikwenda mbio. Sikwenda mbio. Nilimalizia kwanza sufuria ile. Nikaosha na nyingine."

Halafu akaingia ofisini akiwa na aproni yake.

"Daktari, mwache mzee. Ni mimi."

"Wewe nini, Bi Ozelia?"

"Mchuzi. Vijiko vitatu. Siku ya mwisho vinne."

"Nilikuwa nimemwamini kuliko mizani," Dakta Haugstad alituambia. "Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba angekufa kwa aibu kumwacha mtu ale vile. Nikamwambia, sasa data zake zote nazitupa. Siku kumi na tano. Hapo ndipo alipokaa kwenye kiti."

Kwa kutaka kuwabakiza kumi na wawili, Ozelia alikuwa amewafanya kumi na mmoja.

Alisimamishwa kazi wiki mbili bila malipo. Kamera ikafungwa juu ya meza yake, na kila sahani ikawekewa shahidi. Hakufukuzwa, na daktari hafichi sababu: wapishi wawili waliowahi kufundishwa kazi hiyo waliacha ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa si kila mtu anaweza kusimama saa nane akihesabu punje. Ozelia naye hakujisikia mshindi kwa kurudishwa. Wenzake waliacha kula naye. Mmoja alimwuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama leo kuna mchuzi.

Kilichobaki kilikuwa mikononi mwa Mzee Semien. Angeweza kwenda zake. Au angeweza kukaa wiki mbili nyumbani mwili utulie, kisha arudi kuanza siku ya kwanza upya, siku zote ishirini na nane, wali uleule, mwiko uleule, sindano zilezile. Wengine wote wangekuwa wameshamaliza. Angekula peke yake.

Alirudi na mkoba wake na redio.

"Walidhani nitakataa," alituambia kwenye varanda ya kituo, huku plasta ikiwa bado mkononi alikotolewa damu. "Yule mama alisimama mbele ya mzungu mwenye karatasi akasema ni mimi. Mimi nilikuwa nimeshajitayarisha kufukuzwa, sikuwa na cha kupoteza. Yeye alikuwa nacho. Sasa nikatae wali?"

Je, wali una ladha gani safari hii?

"Ladha ya ukuta. Ule wa kwanza na huu, wote ukuta. Andika hivyo."

Wawili hao hawaruhusiwi kuzungumza mpaka utafiti umalizike. Siku tuliyomtembelea mzee ilikuwa ya ishirini na sita tangu aanze upya. Sahani nyingine kumi na moja ambazo Ozelia hupima sasa ni za kundi jingine, la utafiti mwingine. Yake mzee ndiyo ya saba, na huipima polepole kuliko zote.

Uchovu wa Ozelia huonekana kabla hajasema. Anapumzika kwenye ndoo iliyofunikwa, miguu mbele, soksi za kubana zikiwa zimemkaza mpaka magotini. Anajua kwa nini miguu inavimba; anaweza kukueleza jinsi damu inavyopanda kutoka kwenye vifundo kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya vigimbi, na jinsi mtu anayesimama bila kutembea anavyoinyima msaada huo. Kujua hakumpunguzii maumivu. Sukari yake mwenyewe ilipimwa mwezi wa pili, nayo imeshapanda.

Lakini anayemnyima usingizi ni dada yake, Verna, mwenye miaka 66, anayeishi naye. Verna ameshakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto kwa ajili ya kisukari. Kila kliniki anarudi na karatasi ileile: acha wali. Naye anafika nyumbani, anaikunja karatasi, anapika wali. Nimeziona karatasi hizo katika nyumba nyingi huku wilayani St. Landry, na sijaona hata moja iliyompunguzia mtu tonge.

"Siwezi kumlaumu," anasema Ozelia. "Unamwambia mtu aache kitu alicholishwa na bibi yake, halafu humpi kingine. Yeye haniulizi aache nini. Ananiuliza, 'Wewe unafanya kazi na madaktari, niambie nile vipi.' Miaka miwili ananiuliza hivyo."

Verna, aliyeketi jikoni kwao akikata bamia, alidakia. "Na miaka miwili ananijibu bado. Bado, bado. Mpaka mguu uishe ndipo jibu lije?"

"Si ningekudanganya ukafurahi?"

"Nidanganye basi! Niambie kiporo ni dawa, nile kwa raha."

Ozelia hakucheka. Alisema anaweza kulisema neno hilo wakati wowote, na dada yake angelibeba mpaka kanisani, na kufikia Jumapili ya pili wanawake wote wangekuwa wanalaza wali kwenye friji. Ni jambo rahisi, halina gharama, watu wangelipenda. Ndiyo maana anaogopa kulisema.

Mwezi wa sita mwakani atastaafu. Hana mpango wa kufungua mgahawa, ingawa kila mtu humwuliza. Anataka kukaa, magoti yapumzike, na asione mizani. Kabla ya hapo anataka sahani sita za mwisho za Mzee Semien zitoke jikoni zikiwa safi, ili majina yawe kumi na mawili, na daktari afunge hesabu zake.

Na kama hesabu zikionyesha kwamba kiporo hakisaidii chochote? Kwamba dada yake alisubiri miaka miwili, na mzee akala ukuta siku ishirini na nane, kwa ajili ya jibu tupu?

Ozelia, jikoni kituoni, aliinamia sahani iliyokuwa mbele yake. Kisha akatoa punje moja.

"Nitakwenda nyumbani nimwambie Verna hakisaidii," alisema. "Atanitukana. Lakini atajua nimemwambia kweli."