Nimeomba mkungu, nimepandiwa ndizi

Leo nimekaribia kufa, na si kwa ugonjwa. Kwa kicheko.

Ua wa zahanati yetu hapa Mtwara ni mwembamba, ukuta huku, karo la maji machafu kule. Kina mama husubiri juani na vichanga vyao. Mimi, bwana misitu mstaafu, nikashauri: pandeni mkungu mmoja kwenye kona, mbali na karo. Matawi yake hutanda kama mwavuli.

Leo nimepelekwa kwa bajaji kuuona.

Nikakuta mgomba.

"Shikamoo mzee! Mkungu wako huo," akasema injinia aliyepewa kazi ya kuupanda, mgeni kutoka Bukoba, kifua mbele. "Mwakani tunakula!"

Jamani! Shahada mbili, na mkungu anaoujua ni wa ndizi tu.

"Marahaba, baba. Sasa mzazi na mtoto wakae chini ya ndizi ipi?"

Muuguzi akasema tutarekebisha mwakani. Nikamjibu kwamba kwa umri wangu, mwakani mimi sina. Nikaomba kiti, nikakaa pale mpaka mgomba ukang'olewa na mche wa mkungu, ule mti wa kungu, ukapandwa. Injinia kashika jembe mwenyewe.

Nakiri kwenu: naogopa kufa kabla haujashika mizizi.

Mnaocheka, andikeni hapa chini nani atamwagilia kesho.