Kila Kinachomhusu Meneja

Klementina alikuwa afisa kumbukumbu katika wakala mmoja wa serikali mjini Bariadi, wakala wenyewe ukishughulika na minada na mifugo iliyopotea. Kazi aliianzia masjala, enzi za mafaili yaliyofungwa kwa kamba, na mafaili yalipohamia kwenye kompyuta naye akahamia huko. Alikuwa mama mpole mwenye sauti ndogo, lakini likija suala la kufuta kitu alikuwa mkaidi kupita kiasi. Mumewe, Paschal, alizoea kusema kwamba ukimtumia Klementina ujumbe wa kumwomba apitie chumvi dukani, ujumbe huo atazikwa nao.

Ofisini watu walimpita tu, kama wanavyolipita kabati la ukutani. Hali hiyo ilibadilika pale ng'ombe wa Mzee Mwandu alipopotelea mikononi mwa serikali.

Ng'ombe huyo alikuwa dume jeusi, nundu imesimama, macho ya dharau. Alitoroka kwao Shishiyu, akatembea mpaka akatokea mnadani bila hereni sikioni, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kumdai, wakala ukamweka zizini nyuma ya ofisi. Mfanyabiashara mmoja aliyemfahamu ndiye aliyewaambia jina lake. Aliitwa Meneja.

Sasa ofisi hiyo tayari ilikuwa na meneja mwingine, Bwana Anatoli, mtu mnene wa heshima zake, anayependa suti na kupenda zaidi usingizi wa baada ya chakula cha mchana. Wafanyakazi walikuwa na makundi mawili ya WhatsApp. La kwanza lilikuwa la kazi, na Bwana Anatoli alikuwemo. La pili hakuwemo, na ndilo lililokuwa na uhai. Humo ndani ng'ombe alipata umaarufu. Asubuhi mtu akipita zizini anaandika Meneja ameamkaje, mchana mwingine anaandika Meneja amekula nini. Na kwa kuwa kundi lilikuwepo hata kabla ya ng'ombe, habari za yule meneja mwingine nazo ziliendelea kuandikwa humo humo kama kawaida.

Baadaye ikaamuliwa ng'ombe apelekwe Mwanhuzi, kwenye zizi kubwa zaidi. Dereva Hamimu akampakia kwenye lori, Bwana Anatoli akakaa mbele kwa kuwa alikuwa na ukaguzi huko huko, wakaondoka. Bwana Anatoli alirudi. Ng'ombe hakurudi, wala kwenye zizi la Mwanhuzi hakuonekana.

Mzee Mwandu alipofika kumdai mnyama wake, hakuna aliyeweza kumwonyesha hata unyoya.

"Mayu, mama yangu," alimwambia Klementina kwa upole, "huyo ni nzagamba wangu, dume la zizi. Zizi zima halitoki mpaka yeye asimame kwanza. Ndiyo maana tukamwita Meneja. Nitakwenda kwenye sheria."

Na kweli akatoa notisi ya kuishtaki serikali. Haikupita muda, Wakili wa Serikali, dada mmoja makini aitwaye Faudhia, akapiga simu ofisini na kuomba kuzungumza na mtu wa kumbukumbu.

"Dada Klementina, kuanzia sasa msifute kitu. Ujumbe, barua pepe, picha, sauti, kila kinachomhusu Meneja kikusanywe. Usichague wewe kipi kina maana. Asili usiiguse, fanya nakala, andika nani alituma na lini."

Klementina alihisi kama mtu aliyesubiri simu hiyo maisha yake yote. Akachapa tangazo na kulibandika ubaoni: NI MARUFUKU KUFUTA CHOCHOTE KINACHOMHUSU MENEJA.

Bwana Anatoli alilisoma tangazo mara mbili. Alidhani ofisi inaandaa historia ya utumishi wake. Alirudi chumbani kwake akafunga tai vizuri.

Wafanyakazi wengine walilielewa upesi zaidi, na mbio zikaanza. Wa kwanza kufika mezani kwa Klementina alikuwa Joyness, mhasibu.

"Dada Klementina, ule ujumbe wangu niliosema Meneja amelala tangu saa nane, tusimwamshe, tutoke mapema. Pale nilimaanisha ng'ombe."

"Sawa," Klementina akasema. "Na huu hapa: Meneja akija mwambieni nimeenda benki?"

Joyness akatazama mlangoni.

"Ng'ombe."

"Ulitaka ng'ombe aambiwe umeenda benki."

"Alikuwa amenizoea, dada."

Klementina hakubishana naye. Alifungua majalada matatu kwenye kompyuta, moja la Mtu, moja la Ng'ombe na moja la Haijulikani, na kando ya kila ujumbe akaandika maelezo ya aliyeutuma. Kufikia jioni jalada la Ng'ombe lilikuwa limefura. Ng'ombe ndiye aliyesahau hotuba yake mbele ya wageni. Ng'ombe ndiye aliyeomba apigwe picha upya kwa sababu tumbo lilionekana. Hamimu peke yake ndiye aliyekwenda kinyume na wenzake. Alikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti, na aliapa kwamba huo unamhusu Bwana Anatoli kabisa.

"Una hakika?" Klementina akamuuliza, maana alishangaa kumwona mtu akikimbilia kuwekwa upande huo.

"Hakika kabisa. Weka kwa Mtu."

Akauweka kwa Mtu.

Kesho yake Bwana Anatoli alikuja kuangalia historia yake inavyokwenda. Klementina alijaribu kumweleza mambo ya ng'ombe, lakini bosi alikuwa ameshavuta kiti. Macho yake yakaangukia jalada la Haijulikani, kwenye ujumbe usemao Meneja amenawiri siku hizi, shingo imejaa, ukimwona akitembea lazima ugeuke.

"Inaniwia vigumu kuelewa kwa nini huu uko Haijulikani," akasema. "Huyu ni mimi."

"Bosi, aliyeutuma bado hajanieleza."

"Andika ni mimi. Na huu wa kifua kipana, na huu wa mwendo."

Klementina akaandika: Bwana Anatoli anasema ni yeye. Basi sifa zote za ng'ombe zikahamia kwa bosi, na aibu zote za bosi zikabaki kwa ng'ombe, na majalada yakapelekwa kwa Wakili Faudhia hivyo hivyo.

Kabla kesi haijafunguliwa, pande zote zilikubali kukaa kwanza kitako na kuona kama watapatana. Walikutana ofisini, kwenye chumba cha mikutano. Mzee Mwandu alivaa koti lake la kanisani. Bwana Anatoli alikaa kichwani mwa meza, wafanyakazi wakajipanga ukutani, na Klementina akafungua kompyuta. Wakili Faudhia akaanza kusoma jalada la Ng'ombe, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Tuanze na tabia za mnyama. Inaelezwa kwamba ng'ombe huyu akipewa kipaza sauti hakirudishi. Inaelezwa kwamba aliongoza kikao cha bajeti akiwa amesinzia. Mara moja alikutwa amelala ofisini, kiatu kimoja kimemtoka, soksi ina tundu."

Mzee Mwandu aliinua mkono taratibu.

"Wakili, samahani. Ng'ombe wangu havai viatu."

Hakuna aliyecheka, ila Joyness alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua. Bwana Anatoli aliivuta miguu yake chini ya kiti. Kidogo kidogo uso wake ukaanza kubadilika, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Aliwatazama wafanyakazi wake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyetazamwa akagundua kitu cha muhimu sana darini.

Wakili Faudhia naye alikuwa ameshaona mchanganyiko ulipo, lakini kazi ni kazi. Akafunga jalada hilo.

"Tusikilize na la Mtu. Kuna ujumbe mmoja wa sauti, wa dereva."

Klementina akabonyeza. Sauti ya Hamimu ikajaza chumba: "Jamani, Meneja amekataa kupanda gari. Nimemwacha hapa Mwanhuzi kwa shemeji yangu. Anakula vizuri, na shemeji amefurahi sana, anasema akae tu."

Bwana Anatoli, ambaye mpaka hapo alikuwa amevumilia mengi, alishindwa kuvumilia hili.

"Mimi Mwanhuzi nililala nyumba ya wageni. Kwa shemeji yake sijawahi kukanyaga."

Vichwa vyote vikamgeukia Hamimu, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta kitu mfukoni na hakipati.

"Zizi la Mwanhuzi lango lilikuwa bovu, na kurudi naye akakataa kupanda gari," akasema hatimaye. "Nikaona apumzike kwa shemeji siku mbili tatu. Shemeji ana majike mengi na dume lake lilikufa. Sasa kila nikimpigia simu nimfuate, ananiambia bado kidogo, wamebaki wachache."

"Nzagamba wangu yuko hai?" Mzee Mwandu akauliza.

"Yuko hai, mzee. Yuko hai sana."

Mabega ya Mzee Mwandu yakaanza kutikisika, na ikachukua muda watu kujua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia. Wakili Faudhia aliinamia karatasi zake, lakini kalamu haikuwa inaandika kitu.

Waliafikiana hapo hapo. Ng'ombe arudishwe Shishiyu kwa gari la wakala, na mzee aiondoe notisi yake. Akaongeza sharti moja. Ndama wote watakaozaliwa Mwanhuzi kwa kazi hiyo, yeye achague wawili. Hamimu alikubali kwa niaba ya shemeji yake bila kumuuliza.

Walikwenda kumchukua kwa lori pamoja na Mzee Mwandu, Bwana Anatoli akiwemo, kwa kuwa Wakili Faudhia alitaka makabidhiano yasimamiwe na mkubwa wa ofisi. Klementina alikwenda na simu ya kurekodi. Walimkuta dume amenenepa, amesimama katikati ya majike ya watu, shemeji wa Hamimu yuko kando yake na machozi yanamlengalenga. Lori likarudishwa nyuma, ubao ukawekwa. Ng'ombe akautazama ubao, akageuza kichwa pembeni. Wakasukuma, wakavuta kamba, wakamwonyesha mabua. Hakutikisika.

"Muacheni," Mzee Mwandu akasema. Alipanda kwenye ubao, akasimama juu, akaita kwa sauti ya amri ambayo hakuwahi kuitumia ofisini. "Meneja. Panda."

Wote wawili wakasogea. Bwana Anatoli alikuwa ameshaweka mguu kwenye ubao alipomwona ng'ombe kando yake, na kwa sekunde kadhaa walitazamana, hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Kisha Bwana Anatoli akarekebisha koti lake, akazunguka mbele, akapanda na kukaa mbele, dirishani, na ng'ombe akaupanda ubao kumfuata mzee wake. Hamimu aliendesha mpaka Shishiyu, na Klementina, aliyebanwa katikati yao, alikuwa bado anarekodi.